Mifupa Aliyokula Paka

Mfaranyaki, Songea

Kwa mama yangu, Nalasi.

Mama, shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote waliomo uani kwako, kuku nao wamo, maana najua unawaita kwa majina. Goti lako linaendeleaje? Yule mganga wa kuchua bado anakuja, au amekwisha kuona kwamba chai ya kwako ni nzuri kuliko kazi yenyewe? Na mvuke ule niliokuambia ujifukize kifua, umejifukiza kweli au umemwambia Hamisi aniambie kwamba umejifukiza?

Utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Mama, simu yako unaipokelea barazani, spika wazi, nusu ya Nalasi imekaa. Mara ya mwisho nilipokuambia Nasra anaharisha, jioni yake shangazi alinipigia kutoka Tunduru mjini akinipa pole ya msiba. Mtoto alikuwa mapajani mwangu anakula ndizi. Kwa hiyo nitampa kondakta wa basi barua hii, ameapa ataikabidhi mkononi mwako. Vaa miwani yako, ile yenye uzi, ukae ndani uisome peke yako.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Si ugonjwa, usianze kuchemsha mizizi. Ni kule kusimama mashineni tangu asubuhi mpaka jua linapotua, nikipokea ndoo za watu, nikimimina mahindi, nikisubiri unga. Nikirudi nyumbani nyusi zangu zina miaka sabini na miguu yangu themanini. Nasra ameacha kunishangaa. Zamani alikuwa akilia nikiingia na weupe ule, siku hizi ananipuliza usoni kama anavyopuliza uji.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita ulisema mwisho wa mwezi utamtuma kaka Hamisi aje kumchukua Nasra akakae kwako. Najua wewe ukisema umesema. Najua pia kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba akija kumchukua mpwa wake habishi hodi mara mbili. Sibishani na desturi. Ninaomba tu usome mpaka mwisho kabla hujamkatia tiketi.

Nilikuona siku ya Idd tulipokuja. Ulimpitishia mkono miguuni, ukampitishia tena. Halafu ukasema, "Miguu hii inataka mchanga." Nilijua unawaza kumchimbia shimo uani, afukiwe mpaka magotini kila asubuhi asimame, kama ulivyotufanyia sisi. Sina neno. Nilifukiwa, na nimesimama mpaka leo, saa kumi kwa siku. Lakini mimi miguu ile nilikuwa nimeshaiona kabla yako, mama. Nilikuwa ninaiangalia kila ninapomwogesha, halafu ninajiambia ni maji yanayoipindisha.

Maziwa unajua habari yake. Alipokuwa na mwaka mmoja, uji wenye maziwa ulimvimbisha midomo na mwili mzima ukawa upele kama umepitiwa na washawasha. Daktari akasema maziwa ya ng'ombe yakae mbali naye. Wakati ule ananyonya, sikuhangaika. Nilipomwachisha ziwa, miaka miwili ilipotimia, ndipo nilipobaki ninajiuliza: mifupa itajengwa na nini?

Kila mtu mtaani alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa maziwa. Nikisema hayamfai, wananitazama kama nimesema mtoto wangu hafai. Mume wangu Saidi naye akapiga simu kutoka njiani na lori lake la makaa ya mawe. Wajua Saidi, kwa kuwa nchi nzima anaiona kupitia kioo, anadhani ameshaielewa.

"Mpe ya mbuzi," akasema.

"Nimemuuliza daktari. Amesema ya mbuzi ni ndugu wa ya ng'ombe, yatamfanya vilevile."

"Basi mpe ya punda."

"Punda nimtoe wapi Songea?"

"Mimi nimetoa wazo, punda tafuta wewe."

Ndivyo tunavyolea, mama, yeye wazo na mimi punda.

Lakini mtihani mkubwa alikuwa Bibi Gaudensia, mwenye nyumba wetu. Unamkumbuka kwenye picha, yule mrefu mwenye kitenge cha kanisani. Ni mjane, kwao Mpitimbi, na ndiye anayekaa na Nasra mimi nikiwa kazini. Hajawahi kunidai hata asante. Nyuma ya nyumba ana ng'ombe mmoja, jina lake Sista, kwa sababu ana baka jeupe kichwani kama kitambaa cha mtawa. Kila siku akitoka misa ya asubuhi anamkamua Sista, na kikombe cha kwanza, cha moto, ni cha mjukuu wake. Mjukuu huyo ni Nasra.

Nilimwambia kwa adabu zote. "Bibi, maziwa yanamdhuru."

"Yanamdhuru nani? Mimi nimelea saba."

"Hao saba ni wako, Bibi. Huyu tumbo lake limekataa."

"Tumbo la mtoto halijui kukataa. Anayekataa ni mama yake."

Nikajibu kwamba ameshinda, nikachukua kikombe, nikaingia nacho ndani nikayanywa mimi. Nilifanya hivyo kila siku kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyenenepa. Bibi alinitazama mashavu, akamtazama mtoto, akapata jibu lake.

Siku moja ya wiki, saa nne asubuhi, akanifuata mashineni mbio, khanga inaburuta, Nasra mgongoni. Midomo ya mtoto imevimba, anapumua kama anavuta kamba. Nikapanda bodaboda naye mpaka hospitali. Nikigeuka nyuma, Bibi yuko kwenye bodaboda ya pili, mara ya kwanza maishani mwake, rozari mkono mmoja na mkono mwingine umeshika sikio la dereva. Mtoto akachomwa sindano, akatulia. Alipotulia ndipo Bibi aliposema, bila kuulizwa na mtu:

"Nilimtilia vijiko viwili kwenye uji. Viwili tu. Nilitaka azoee."

Akalia, mama. Mtu mzima vile. Nami sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Hasira nayo inataka mtu aliyelala vizuri. Nilimwambia, "Twende nyumbani, Bibi." Tukaenda. Tangu siku hiyo hakuniletea kikombe, na hakunisemesha pia. Mtoto alikaa naye kama kawaida, ila mimi nilisalimiwa kwa kidevu.

Haya yote ni kabla ya Idd. Sikukuambia kwa sababu ya spika.

Tuliporudi kutoka kwako, maneno yako ya mchanga yakiwa bado sikioni, nilimpeleka Nasra kliniki. Nesi akampima, akachora kwenye kadi. Ule mstari, mama, ulikuwa umelala chini kama mtu aliyekataa kazi. Akaniuliza anakula nini. Mimi kwa swali hilo nilikuwa nimejiandaa. Mabango yote ya ukutani pale nimeshayasoma, hata lile la watu wanaotaka kuacha sigara. Nikamwambia: uji wa ulezi asubuhi, ugali, maharage, na mchuzi wa dagaa wa Nyasa kila siku ya Mungu. Nikasubiri nisifiwe.

Nesi akaweka kalamu chini. "Umesema dagaa, au mchuzi wa dagaa?"

"Mchuzi."

"Na dagaa wenyewe wanakwenda wapi?"

"Nyama tunakula sisi wakubwa. Vichwa na mifupa anakula paka wa Bibi."

"Huyo paka yukoje?"

"Mzima sana. Anaruka ukuta wa jirani bila kukimbia kwanza."

"Basi kliniki ijayo mlete yeye tumpime. Kadi nitamwandikia mwenyewe."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja alicheka mpaka mwanawe akaponyokwa na ziwa. Nami nikacheka, maana ukiwa umechoka, kucheka ni kwepesi kuliko kujieleza.

Halafu akaniambia taratibu, wengine wameshasahau. Kwamba mtoto asiyekunywa maziwa, ile kalsiamu ya kujenga mifupa ataipata kwenye dagaa, lakini imo ndani ya mifupa yao. "Mchuzi, mama Nasra, ni maji yaliyopita karibu na dagaa." Kwamba ufuta unayo, ila usipokobolewa. Ulezi unayo, soya inayo, majani ya kunde na ya maboga yanayo, mchicha nisiutegemee peke yake. Na jua, asubuhi, kila siku, maana bila jua mwili hauipokei. Nami tangu baridi ya huku ianze nilikuwa ninamvika makoti mawili na kumfungia ndani kama mkate.

Sikumwambia nesi kwamba kutoa mifupa ni sheria ya nyumba yetu. Wewe ninakuambia. Na nimezunguka mashine na punda na Bibi ili nisifike hapa, lakini nimefika.

Mama, ninakumbuka siku Hamisi alipokwamwa na mwiba wa samaki kooni. Alikuwa na miaka minne, mimi sita. Ulimbeba ukakimbia hadi zahanati miguu mitupu, tonge la ugali likiwa bado mkononi mwako, na uliporudi naye mzima tonge lilikuwa bado limo. Toka siku hiyo hakuna mtoto wa nyumba yako aliyegusa samaki mpaka ang'oke meno ya utoto. Ulitukalisha kwenye mkeka, ukachambua dagaa mmoja mmoja, kichwa huku, mgongo huku, sisi ukatupa mchuzi. Mikono yako ilikuwa inanuka dagaa hata siku ya Ijumaa. Hamisi leo ana kitambi na mke na bado akiona samaki anasogeza kiti.

Nilidhani hivyo ndivyo dagaa wanavyoliwa. Sikujua kwamba ni woga. Nilipopata mtoto wangu nikakaa kwenye mkeka wangu nikachambua, kichwa huku, mgongo huku, nikajiona mama mwema. Nilichofanya ni kumlea paka.

Sikulaumu. Ninaomba usome mstari huo mara mbili. Sisi tulikua na mifupa kwa sababu kisamvu chako ulikitia ufuta uliotwangwa na maganda yake, na kutwa tulikuwa juani shambani kwa korosho bila hata shati. Mchuzi mtupu haukutudhuru. Nasra alikuwa na mchuzi mtupu, na ufuta hana, na jua hana, na maziwa hana.

Basi nikaanza upya. Nilinunua dagaa wakavu nikawapeleka mashineni niwasage unga. Tajiri wa mashine akasimama mlangoni ameshika mikono kiunoni.

"Somoe, unataka ugali wa Mfaranyaki nzima unuke ziwa?"

"Kidogo tu, tajiri. Nitasaga mwisho."

"Mwisho wako ni mwanzo wa mteja wa kesho. Toka na samaki wako."

Nikarudi nao nyumbani. Nilikuwa nimekaa kizingitini ninawatazama, na wao wananitazama, maana vichwa safari hii vilikuwa bado vipo. Bibi Gaudensia akapita, akasimama. Akaenda kwake. Nikajua nimesalimiwa kwa kidevu tena. Mara nikasikia kitu kinabiringishwa uani, nikaona ni kinu chake, kile kikubwa alichopewa alipoolewa, anakisukuma kwa mguu.

"Lete hao dagaa," akasema.

"Bibi, si lazima..."

"Nimesema lete. Nilitaka kumuua kwa vijiko viwili, niache nimtwangie."

Tukawakaanga bila mafuta mpaka wakawa wakavu wa kuvunjika, tukatwanga, yeye mchi mmoja, mimi mmoja. Akachekecha, akarudisha makapi kinuni, akachekecha tena, akapitisha kidole kwenye unga kutafuta mwiba. Hakuna mwiba uliobaki, mama. Nilitafuta na mimi. Ni unga laini kama wa muhogo. Kijiko kwenye uji, kijiko kwenye mboga, mtoto anameza hajui kama amekula samaki. Bibi akampigia makofi: "Kula, mjukuu wangu, kula ziwa lote, waachie maji tu!"

Kesho yake akaleta na ulezi ulioota, umekaushwa tayari kusagwa, akasema wa kuota ni mwema zaidi kwa mtoto. Kimea hicho alikuwa amekiandaa kwa shughuli nyingine ya kwao Mpitimbi. Ameniomba nisikuambie shughuli gani, nami sikuambii. Uji unatoka mtamu.

Asubuhi sasa, akitoka misa, haanzi na Sista. Anamtoa Nasra juani uani, anamvua koti, anakaa naye kwenye mkeka mpaka jua lianze kuuma. Sista anasubiri kukamuliwa na analalamika, lakini ndiyo utawa wenyewe.

Tumekwenda kliniki mara mbili tangu hapo. Ya kwanza mstari ulisita. Ya pili, juzi, umepanda. Si kwa kurukaruka, umepanda kama mimi ninavyopanda ngazi baada ya kazi, lakini umepanda. Daktari ameitazama miguu. Amesema mtoto wa umri huu kupinda kidogo si ajabu, ila nisiache kumleta, bado wanaangalia. Sikufichi: hatujamaliza. Ninaamka kabla ya jua kutwanga, ninasimama kutwa kusaga vya watu, ninarudi kuchambua majani ya kunde. Kuna siku ninalala na kijiko mkononi. Nimechoka, na nisingependa kuchokea mtoto ambaye hayupo.

Ndiyo maana ninakuomba usimchukue. Mtoto huyu nesi anamjua, na Bibi ameshajua kumlisha. Ukimchimbia mchanga, nitakuja nimshike mkono mwenyewe asimame, sina kinyongo na mchanga wa kwetu. Lakini kwenye mkeka wako wa chakula, mama, najua utamchambulia. Hutaweza kuacha. Na mimi nakujua kwa sababu sijaacha: jana nilimpa dagaa mmoja mdogo, mzima, aliyekaangwa akawa mkavu kabisa, ajaribu nikiwa nimemkalia mbele. Alipomtafuna na kile kichwa kikalia katikati ya meno, mkono wangu uliruka wenyewe kwenda kinywani mwake kumtoa. Ulikuwa ni mkono wako kabisa, mama, mpaka na harufu. Nikaukalia. Naye akameza, akafungua kinywa anionyeshe hakuna kitu.

Hamisi aje, usimzuie. Aje na ufuta, ule wa kwetu wenye maganda, bakiza ndoo moja kabla hawajaupeleka wote ghalani. Arudi mikono mitupu. Nasra atamkaribisha chakula, na kama mjomba atasogeza kiti, mpwa wake atamwonyesha namna ya kutafuna. Na goti likikuruhusu, panda naye basi uje wewe. Kinu kipo, na Bibi Gaudensia anasema anataka kumwona mwanamke aliyekimbia mpaka zahanati na tonge mkononi. Nilimsimulia. Hakucheka. Alisema, "Huyo ningekimbia naye."

Nisalimie Hamisi, mjomba wa mtoto, na mkewe anayemkaangia mayai badala ya samaki. Nisalimie bibi mzaa baba, umwambie kwa sauti kubwa kwamba kitukuu wake ana meno yote. Shangazi wa Tunduru mjini mwambie hakuna aliyefariki. Na yule dada wa kisimani, jirani yetu, mwambie khanga yake bado ninayo, ndiyo tunayotandika juani.

Saidi atakupigia akifika mahali penye mtandao. Akikupa wazo, lipokee tu.

Nimefika mwisho wa karatasi na wa macho. Allah akulinde na akutulizie goti.

Mwanao,
Somoe, mama Nasra

Nimesahau: paka wa Bibi ametuhama. Alikaa chini ya kinu siku tatu, akaona hatupiwi kitu, akaruka ukuta akaenda zake. Bibi amemtafuta, akamkuta nyumba ya tatu kutoka kwetu, amejinyoosha jikoni, tumbo limejaa. Nyumba hiyo ina mtoto wa mwaka na nusu. Kesho nikitoka kazini, kabla sijakaa chini, nitabisha hodi pale nimuulize mama yake kuhusu mchuzi.